Usilizibe Kosa Mdomo

Mwanangu,

Ijumaa ulipokuja na kompyuta yako kwapani ulisema maneno ambayo nimeyasikia kwa vijana wengi: "Mzee, skripti imemaliza bila kosa, lakini michoro haijabadilika." Tuliifungua pamoja. Ilikuwa michoro zaidi ya mia mbili ya AutoCAD, na kila mmoja ulitakiwa ubadilishwe jina la mradi kwenye jedwali la maelezo pembeni, kisha uhifadhiwe. Skrini yako ilijaa neno "tayari" kutoka juu hadi chini. Kwenye folda, tarehe za faili zilikuwa zile zile za mwezi uliopita.

Siku ile sikukuambia mengi, maana mteja alikuwa anasubiri na wewe ulikuwa hujalala. Sasa umepumzika, kaa nikueleze.

Tuliposhuka hadi kwenye amri ya kuhifadhi tulikuta hivi:

try:
    doc.Save()
except:
    pass

Kwa lugha ya nyumbani maana yake ni: jaribu kuhifadhi, na likitokea lolote, nyamaza upite. AutoCAD ilikuwa inakataa mchoro baada ya mchoro, na kila ilipotaka kusema sababu ulikuwa umeshaiziba mdomo. Mstari uliofuata ukaandika "tayari" bila kumuuliza yeyote. Wanaoandika kwa VBA wana kitu hicho hicho kwa jina la On Error Resume Next, na nimekikuta kwenye kazi za watu waliokuzidi umri mara mbili. Huwekwa siku ambayo mtu amechoshwa na ujumbe wa makosa, kisha hubaki hapo miaka.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika kazi yetu kuumbuka huko ni mchoro wa zamani kufika mikononi mwa fundi. Fundi hana habari na skripti. Anasoma alichopewa, anafunga nondo kwa alichosoma, na zege ikishamwagwa hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Ndiyo maana nalichukulia jambo hili kwa uzito ambao pengine ulikushangaza.

Basi anza kwa kuufungua mdomo ulioziba. Ondoa hiyo pass. Chukua mchoro mmoja tu, endesha skripti, iache ianguke, kisha usome ilichosema mpaka mwisho, pamoja na ile namba ndefu ya kosa. Ukishaijua sababu unaweza kuirudisha except, lakini safari hii iandike kwenye faili ya kumbukumbu: jina la mchoro, njia yake kamili, saa, na maneno ya kosa kama yalivyo. Neno "imeshindikana" peke yake halimsaidii mtu.

Halafu elewa ni nani hasa anayehifadhi. Skripti yako ya Python haihifadhi mchoro. Haijui DWG ni nini. Inapiga hodi kwa AutoCAD kupitia COM, ule utaratibu wa Windows ambao programu moja huiomba nyingine kazi, na AutoCAD ndiyo inayoandika kwenye diski. Hizo ni programu mbili, na kila moja ina mawazo yake kuhusu mahali ilipo. Ukiipa AutoCAD jina tupu kama mchoro.dwg, bila njia kamili, haitaliweka ilipo skripti yako. Italiweka kwenye folda ambayo yenyewe inajiona imo. Nimewahi kukaa na kijana aliyeapa kwamba faili zake zinapotea. Zilikuwa Documents, zote.

Hali ni hiyo hiyo kwa herufi za diski za mtandao. Z: unayoiona wewe ni ya kikao chako. Ukiiwasha AutoCAD kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, au ukaiachia kazi ya usiku iendeshwe kwa akaunti nyingine, hiyo Z: inaweza isiwepo kabisa. Andika jina la seva lenyewe, lile linaloanza na \\, nalo litaeleweka kila upande.

Na kuna kosa moja ambalo vijana hulitafutia dawa kwenye faili wakati faili haina neno: Call was rejected by callee, namba 0x80010001. Umepiga hodi, mwenye nyumba ana shughuli. Mchoro bado unafunguka, au kuna amri haijaisha, au kisanduku kimejitokeza nyuma ya madirisha mengine kinamngoja mtu abonyeze OK. Wengi hutia usingizi wa sekunde kumi kila baada ya mstari, na siku mchoro mkubwa unapochukua sekunde kumi na mbili kosa linarudi. Uliza badala ya kukisia. AutoCAD ina GetAcadState, na ndani yake IsQuiescent, inayokuambia kama imetulia. Ikisema bado, au swali lenyewe likikataliwa, ngoja nusu sekunde uulize tena. Weka kikomo cha mara utakazouliza, na kikifika, sema wazi kwamba mchoro huu haukuhifadhiwa.

Visanduku nivitaje kidogo. Ukituma amri ya QSAVE kwa SendCommand kwenye mchoro ambao haujapewa jina, AutoCAD itafungua kisanduku na kumngoja binadamu, na usiku wa manane binadamu hayupo. DWGTITLED itakuambia kama mchoro una jina. Wengi huweka FILEDIA kuwa 0 ili visanduku vya faili visitokee, na hiyo ni njia halali. Ila thamani hiyo inabaki kwenye kompyuta hata ukiifunga AutoCAD. Skripti ikianguka katikati kabla ya kuirudisha 1, mwenzako atafika asubuhi, atabonyeza Open, na hakuna kisanduku kitakachofunguka. Atapoteza saa nzima akidhani programu imeharibika. Irudishe ndani ya finally, ili hata skripti ikifa iache nyumba ya watu kama ilivyoikuta.

Sasa nije kwenye jambo linalotupata sisi tunaoyapa mafolda yetu majina ya Kiswahili. Hili lichukulie polepole. Tazama mstari huu, ambao ni karibu sawa na ule wako:

njia = "D:\kazi\nyumba\tabora.dwg"

Kwa jicho lako hiyo ni folda ya kazi, ndani yake folda ya nyumba, ndani yake mchoro wa Tabora. Kwa jicho la Python sivyo. Katika maandishi ya Python, \ ikifuatiwa na n ni alama ya kuanza mstari mpya, na ikifuatiwa na t ni nafasi ya tabu. Kwa hiyo n ya nyumba imemezwa, na t ya Tabora imemezwa. Kinachofika AutoCAD ni njia iliyokatika katikati, yenye "yumba" kwenye mstari wa pili na "abora" baada ya nafasi tupu. Windows haikubali alama hizo ndani ya jina la faili, basi inakataa. Na kwa kuwa k haina maana maalumu, "kazi" imepita salama, ndiyo maana mtu anasema: mbona folda ile inakubali na hii inakataa?

Hesabu nawe maneno yetu ya ujenzi. Nyumba, nguzo, ngazi: n. Tanki na taa: t. Ramani inaanza na r, na \r ni alama ya kurudi mwanzo wa mstari. Bafu inaanza na b, vyoo v, fremu f, na zote zina maana zake za siri. Ukuta na ujenzi ndiyo yenye nafuu, kwa sababu \u hufuatiwa na tarakimu nne za msimbo wa herufi, na Python isipoziona hukataa hata kuanza. Kosa linalokataa mapema limekupunguzia kazi. Wanaoita mafolda yao kwa lugha nyingine hukutana na haya pia. Sisi tunakutana nayo kwenye mchoro wa kwanza wa nyumba ya vyumba vitatu.

Dawa ni herufi moja. Weka r kabla ya alama ya kufungulia, r"D:\kazi\nyumba\tabora.dwg", na Python itaacha kila \ kama ilivyo. Au tumia / ya kawaida. Na kila unapotilia shaka njia, usiichapishe kwa print peke yake. Ichapishe kwa print(repr(njia)). Ile mbovu itatoka hivi: 'D:\\kazi\nyumba\tabora.dwg'. Angalia kwa makini. Palipo na \ mbili, hiyo ni \ ya kweli. Palipo na moja, herufi imeliwa. Nimewaonyesha vijana kadhaa mstari huo, na hakuna aliyeusahau.

Njia ikishakuwa nzima, hakikisha folda ipo. AutoCAD haikuundii folda unapohifadhi, os.makedirs ndiyo kazi yake. Jina lisiwe na / wala : wala ?, na hapa wanaochukua jina la faili kutoka kwenye namba ya kiwanja ndio wanaoumia, maana "Kitalu C/14" kwa Windows ni folda na faili. Tarehe nayo, usiiandike kwa mikwaju. Urefu pia: njia nzima kwa kawaida isizidi herufi 260, na ofisi zinazopenda folda ndani ya folda ndani ya folda hufika huko upesi kuliko wanavyodhani.

Kama njia ni safi na kosa bado lipo, uliza faili imeshikwa na nani. Mchoro ukifunguliwa, AutoCAD huandika kando yake faili ndogo yenye mwisho wa .dwl, na nyingine ya .dwl2, mara nyingi zimefichwa. Ifungue ya .dwl kwa Notepad. Utaona jina la aliyeufungua, kompyuta yake na wakati. Mpigie simu umwombe aufunge. Usianze kwa kuifuta. Kompyuta ikizimika ghafla faili hiyo inaweza kubaki bila mwenyewe, na hapo kuifuta ni sawa, lakini hakikisha kwanza kwamba mtu hayumo ndani. Ndani ya skripti, kabla ya kugusa chochote, soma doc.ReadOnly. Ikiwa ni kweli, andika kwenye kumbukumbu, uache mchoro huo, uende mwingine.

Mara nyingi, hata hivyo, anayeshika faili ni wewe mwenyewe. Skripti ya jana ilianguka, AutoCAD iliyowashwa kwa siri bila dirisha haikufungwa, na bado inaishi. Fungua Task Manager utafute acad.exe ambayo hukuiwasha kwa mkono. Wanaoandika kwa .NET wana namna yao: wanausoma mchoro kwa ReadDwgFile, wanabadilisha, kisha SaveAs kwa jina lile lile, na jibu linakuwa eFileSharingViolation. Faili ya kusoma bado iko wazi. Ita CloseInput(true) baada ya kusoma, mlango utafunguka.

Folda zinazosawazishwa na wingu zina tabia ya kushika faili kwa sekunde chache wakati zinapakia, na antivirasi pia. Mimi huhifadhi kwenye diski ya kompyuta yenyewe kwanza, nikishahakiki ndipo nanakili kwenda kwenye seva.

Nikuambie kilichonifundisha kuhakiki. Zamani, katika ofisi moja niliyofanya kazi, niliandika programu ya kurekebisha vimo kwenye michoro ya wapimaji. Niliiendesha juu ya faili halisi. Nikaona nimekosea hesabu, nikairekebisha, nikaiendesha tena juu ya faili zile zile. Moyo wangu ulikuwa umetulia kwa sababu nilijua AutoCAD hutunza nakala ya .bak. Sikufikiri jambo moja: .bak ni ya kuhifadhi kulikotangulia tu. Mara ya kwanza .bak ilikuwa mchoro mzima wa mpimaji. Mara ya pili ilikuwa uharibifu wangu wa mara ya kwanza. Asili zilikuwa zimekwisha, na nakala ya seva haikuwa imechukuliwa wiki hiyo. Tulikaa watu watatu tukichukua vimo upya, kimoja kimoja, kutoka kwenye karatasi zilizochapishwa. Mpimaji mkuu, aliyekuwa ametembea na vyombo vyake juani kupata vimo vile, alikuja akavuta kiti akatusaidia kusoma. Hakusema neno la lawama. Heri angesema.

Tangu hapo sijahifadhi juu ya asili, na wewe usihifadhi. Soma kutoka folda moja, hifadhi kwenye nyingine kwa SaveAs. Kumbuka tu kwamba baada ya SaveAs mchoro ulio wazi ni ile nakala mpya. Save yoyote itakayofuata inakwenda huko, si kwenye asili. Jaribu michoro mitano kwanza. Ukiipenda, endesha yote. Ukiharibu, futa folda ya pili uanze upya, na hakuna aliyepoteza kitu.

Na kila mchoro ukishahifadhiwa, skripti yenyewe iende ikaangalie. Je, faili ipo? Wakati wake ni wa sasa? Ukubwa wake unafanana na wa asili, au ni baiti sifuri? DBMOD imerudi 0, yaani hakuna badiliko lililobaki bila kuhifadhiwa? Kama mteja ameomba toleo la zamani, soma herufi sita za mwanzo za faili. AC1032 ni muundo wa 2018, AC1027 ni wa 2013. Mwenye AutoCAD ya 2015 hawezi kufungua AC1032, hata umwandikie nini kwenye jina. Neno "tayari" lichapwe baada ya maswali hayo kujibiwa, si kabla.

Najua mwezi ujao mnaanza kazi za SolidWorks, na huko hali ni tofauti kidogo. Inaposhindwa kuhifadhi haikuangushi. Inakurudishia jibu la ndiyo au hapana, pamoja na namba ya makosa na namba ya tahadhari. Usiposoma jibu hilo umejiziba mdomo bila hata kuandika except. Namba zake ni kama mawe ya mizani, kila jiwe mara mbili ya lililotangulia: 1 ni kosa la jumla, 2 faili ni ya kusoma tu, 4 jina ni tupu, 8 jina lina alama ya @, 16 faili imefungwa na mwingine, na kuendelea hadi 2048, njia ndefu kupita kiasi, na zaidi. Ukipata 18, usiitafute 18 kwenye orodha, haimo. Ni 16 na 2 zimewekwa pamoja: faili imefungwa, na ni ya kusoma tu. Na hiyo @ imekatazwa kwa sababu SolidWorks yenyewe huitumia kuunganisha jina la kipande na jina la kifaa kizima, basi ukiitia kwenye jina la faili unaivuruga.

Unao mkono mwepesi, na skripti yako ilivyopangwa ni safi kuliko nyingi nilizoziona. Michoro mia mbili kwa dakika ishirini ni jambo ambalo sisi tuliokuwa tukikwangua wino kwa wembe kwenye karatasi ya kunakilia hatukuliota. Ila mwendo huo unabeba pia makosa mia mbili kwa dakika ishirini, na hakuna jicho la mtu linalopita juu ya kila karatasi kama zamani, karani alipokuwa haandiki mchoro kwenye rejista mpaka ameushika mkononi. Jicho hilo sasa inabidi uliandike wewe, ndani ya skripti.

Kesho anza na michoro mitano ya ule mradi, kwenye folda mpya, bila ile pass. Jumatatu niletee faili ya kumbukumbu tuisome pamoja. Usinichambulie, niletee na iliyokataa, hasa iliyokataa.